Nilivyoisaka Besi ya James Jamerson

Mjomba wangu alikuwa baharia. Kwa miaka mingi alisafiri na meli za mizigo zilizotia nanga Kilindini, na kila aliporudi Mombasa vitu viwili havikukosekana sandukuni mwake: vitambaa vya kina mama na sahani za santuri. Vitambaa viligawanywa siku ile ile. Santuri zilibaki zake mwenyewe, na hapakuwa na aliyeruhusiwa kuzigusa ila yeye, na baadaye mimi, baada ya kuniapisha kwamba nitazishika ukingoni tu.

Nyingi zilikuwa za Kimisri na za Kihindi, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Mji wa Kale. Lakini palikuwa na fungu dogo la santuri za Wamarekani weusi, zenye nembo ya kampuni ya Motown ya mji wa Detroit, ambazo alizinunua katika bandari za Ulaya. Hizo alizipiga baada ya isha, dirisha limerudishwa ili majirani wasiudhike. Wala hakuwa akiwasikiliza waimbaji, kwani Kiingereza chake kilikuwa cha kazi ya meli tu. Alikuwa akisikiliza besi. Huweka kiganja juu ya kasha la spika, akafumba macho, kisha akauliza swali ambalo sina hesabu nililisikia mara ngapi: "Mjomba, nani huyu apigaye huku tini?"

Nami nikaligeuza jalada mbele na nyuma. Jina la mwimbaji lilikuwako, la mtunzi lilikuwako, la mwenye kampuni nalo halikusahauliwa. La mpiga besi halikuwako.

Swali hilo ndilo lililonitia mimi katika kazi ya besi. Leo ni zaidi ya miaka thelathini napiga harusini, nimekaa kitini nyuma ya mwenye kinanda na mwenye tabla, mahali ambapo mpiga besi hukaa na ambapo hakuna amtazamaye. Na katika miaka yote hiyo, pembeni mwa taarabu, nilikuwa na kazi yangu nyingine ya siri: kutafuta ile sauti. Nieleze msomaji ni sauti gani. Ni nene lakini haina uvivu. Ina mshindo mwanzoni kama mtu anayegonga mlango wa mninga kwa kifundo cha kidole, kisha inakatika mapema, haivumi, haibaki ikiwazuia wenziwe. Halafu, juu ya uzito wote huo, inatembea mbio kama paka ukutani. Besi nzito nilizozijua mimi zilikuwa zimekaa pahali pamoja. Hii ilikuwa nzito na inakwenda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la fedha. Nilidhani sauti kubwa hutoka katika mtambo mkubwa, basi nikaenda duka moja la vyombo vya muziki nikachukua amplifaya mpya kwa kulipa kidogo kidogo, refu kunipita kiunoni. Muuzaji aliniapia kwamba huo ndio mtambo uliotumika katika santuri zile zote. Nikaongeza na nyuzi mpya zinazometa. Tulilibeba dubwana lile watu wanne mpaka kwa mjomba, nikapiga mstari wa wimbo wa "My Girl", ambao kila mtu anaujua, maana ule mwanzo wake wa besi una noti mbili tu na hata mtoto huukamata. Mjomba aliweka kiganja chake juu ya kasha. Akakiondoa. "Hini siyo," akasema. "Yalia kama kengele."

Nililipa deni la mtambo ule kwa miezi kumi na minane, harusi baada ya harusi.

Jina lenyewe nilikuja kulipata katika miaka ya tisini. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akipigia watalii gitaa katika hoteli za kaskazini alipewa na mgeni kitabu cha Allan Slutsky, kilichotoka mwaka 1989, ambacho mwandishi wake amekusanya habari za mtu huyu na kuziandika noti zake moja baada ya moja. Niliazimwa kwa wiki mbili nikakaa nacho mwezi. Mpiga besi aliitwa James Jamerson. Jioni ile ile nilikwenda kwa mjomba kumpa habari. Hakunena neno kwa muda, kisha akauliza swali la baharia: "Na huyo walimlipa?"

Ilinibidi nimweleze. Jamerson alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina. Visiwa vya upande huo vinakaliwa na watu wanaoitwa Wagullah, wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika, ambao mpaka leo wana lugha yao na ususi wao wa vikapu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akifunga mpira wa kunyumbulika kwenye kijiti, akakisimika kijiti katika kichuguu, akaupiga ili siafu wacheze ngoma. Sijui kama siafu walicheza, lakini mtoto wa kisiwani akifanya hivyo sishangai, kwa kuwa nimewaona wetu wakifanya makubwa zaidi kwa kopo la samli. Mwaka 1954 alihamia Detroit na mamake, na huko shuleni akajifunza kupiga dabal-besi, ile fidla kubwa ya kusimama ambayo wasomaji wameiona katika vikundi vya taarabu vya Unguja.

Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha kampuni ya Motown katika nyumba ya kawaida, nambari 2648 barabara ya West Grand Boulevard. Gereji iligeuzwa ikawa chumba cha kunasia sauti, ambacho wapigaji walikiita Shimo la Nyoka kwa sababu ya nyaya zilizoning'inia kutoka darini. Humo ndimo zilimotoka nyimbo zilizoenea dunia nzima, na wapigaji walikuwa takriban ni wale wale, waliojiita Funk Brothers: Benny Benjamin katika ngoma, Earl Van Dyke katika kinanda, Robert White katika gitaa, na Jamerson chini. Siku za mwanzo walilipwa dola chache kwa wimbo. Waimbaji walijulikana kwa majina, picha zao zikabandikwa kutani. Wapigaji hata majalada hayakuwataja, mpaka ilipotoka sahani ya Marvin Gaye, "What's Going On", mwezi Mei 1971, ambayo jalada lake lilimtaja Jamerson kwa jina na kwa sifa. Miaka kumi na miwili ya kazi imekwisha pita. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles, na wengi wa wapigaji wale wakabaki Detroit bila kazi.

Mjomba alisikiliza yote hayo, kisha akaenda kabatini akaleta majalada yake na kalamu. "Andika," akanambia. Nikaandika jina kwenye kila jalada, pembe ya chini, kwa mkono wangu.

Baada ya kulipata jina sikuwa na udhuru tena. Nilianza kukisoma kitabu kama fundi asomavyo ramani ya injini. Gitaa alilolitumia zaidi lilikuwa Fender Precision la mwaka 1962, lenye rangi ya hudhurungi iliyokoza ukingoni ikafifia katikati kuwa manjano, na kibao cha mbele chenye madoa mfano wa gamba la ng'amba. Mwenyewe alilipa jina, Funk Machine, na kwenye kisigino cha shingo akalichora neno FUNK. Gitaa la namna hiyo lilibuniwa na Leo Fender wa California mwaka 1951, na jina Precision, ambalo maana yake ni usahihi, lilitokana na vile vyuma vidogo vilivyopangwa shingoni, ambavyo humwezesha mpigaji kutoa sauti iliyo sawa bila ya kubahatisha. Wapiga udi wetu hawana vyuma hivyo, na ndiyo maana mpiga udi mbaya hujulikana haraka kuliko mpiga gitaa mbaya.

Lakini gitaa la Precision lilikuwa mikononi mwa maelfu ya watu na hawakutoa sauti ile. Nami nilikwisha kuwa nalo la kuigiza, lililotengenezwa Mashariki ya Mbali, halina kasoro. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba siri haikuwa katika kuongeza kitu, bali katika kupunguza. Kila jambo nililolisoma juu ya gitaa lile lilikuwa jambo ambalo fundi yeyote wa siku hizi angeliita ubovu.

Tuanze na nyuzi. Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya. Nyuzi za kawaida siku hizi zimezungushiwa waya wa duara. Ukizipitishia ukucha unakwaruza kama tupa, na sauti yake ina ukali wa juu kabisa, ule mlio wa kengele aliousema mjomba. Za Jamerson zilikuwa za La Bella, zilizozungushiwa utepe bapa, laini kama ukanda wa saa ya chuma, tena nene kwelikweli: kuanzia unene wa inchi 0.052 ule mwembamba mpaka inchi 0.110 ule wa chini. Na akishazitia hazitoi mpaka ukatike mmoja. Jasho, mafuta ya vidole, uchafu wa miaka, vyote vilibaki pale. Kila kinachogandamana na uzi huuzuia usitetemeke kwa mitetemo midogo midogo ya juu, ukabaki ule mtetemo mmoja mpana wa chini.

Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu. Sisi watu wa pwani hewa yetu ya chumvi huziua nyuzi mpya kwa wiki chache tu, na kilio cha kila mpiga besi wa Mombasa ni kwamba nyuzi ni ghali na hazidumu. Mimi nimewahi kuzichemsha katika sufuria ya jikoni ili zipate uhai tena, jambo lililoniletea maneno na mwenye jiko. Kumbe nilikuwa nikiosha dawa! Ila niseme kweli: uzi wa duara uliokufa kwa kutu haufanani na uzi bapa uliozeeka vizuri. Wa kwanza una sauti ya bati lililolowa, na tena hukata vidole. Nilingoja karibu mwaka mmoja kabla binamu yangu aliyeko Uingereza hajaniletea seti moja ya nyuzi bapa, nami nikazitia, nikaanza kusubiri zizeeke. Hilo la kusubiri halina njia ya mkato, ingawa nilijaribu kuzipaka mafuta ya nazi na matokeo yake sitayaeleza hapa.

La pili ni sponji. Magitaa ya Fender ya zama zile yalikuwa na vifuniko viwili vya chuma king'aacho, kimoja juu ya sumaku inayonasa sauti na kingine juu ya daraja, pale nyuzi zinapoishia. Chini ya kifuniko hiki cha pili kiwanda kilibandika kipande cha sponji kinachogusa nyuzi kwa juu. Wapigaji wengi walivitupa vifuniko wakakwangua na sponji, wakitaka gitaa livume zaidi. Jamerson aliviacha. Kazi ya sponji ni kuufisha uzi mapema: unapigwa, unasema neno lake, unanyamaza. Hii ndiyo iliyompa nafasi ya kupiga noti nyingi bila kuwaletea wenzake vurugu, kwa kuwa kila noti ilikuwa imekwisha ondoka kabla ya ya pili kufika. Kwangu mimi nilikata kipande cha godoro la zamani la mtoto, unene wa kidole gumba, nikakisukuma chini ya nyuzi karibu na daraja. Kwa gharama ya bure nilipata nusu ya kile nilichokikosa kwa deni la miezi kumi na minane.

La tatu liliniumiza. Nyuzi za Jamerson ziliinuka juu sana kutoka shingoni. Mafundi wetu huzishusha ziwe karibu, kidole kisipate taabu. Zake zilikuwa za kukandamiza kwa nguvu, na walioshika gitaa lile wamesimulia kwamba si wengi walioweza kulipiga. Faida yake ni kwamba uzi ulioinuka waweza kuupiga kwa nguvu zako zote usigonge vile vyuma na kutoa mlio wa kukereza. Nilipoziinua zangu, harusi ya kwanza mkono wa kushoto ulinivimba hata sikuweza kutia kifungo cha kanzu asubuhi yake. Kiongozi wa kikundi chetu, ambaye ni mtu mwenye subira, aliniuliza kwa upole kama nina deni jingine linalonitesa.

Ikabaki habari ya mtambo, na hapa nataka msomaji anihurumie. Jamerson akipiga katika vilabu vya mjini alikuwa na amplifaya ya Ampeg B-15, yenye spika moja ya inchi 15, ambayo leo haimtishi mtu kwa ukubwa. Lakini katika Shimo la Nyoka hakukuwa na amplifaya ya besi ya kuwekewa maikrofoni hata kidogo. Mhandisi wa Motown, Mike McLean, alitengeneza vikasha ambavyo besi na magitaa yote yalichomekwa humo, sauti ikaingia moja kwa moja katika meza ya kunasia, na wapigaji wakajisikia wote pamoja kupitia spika moja tu iliyokuwa chumbani. Sauti ile niliyoisaka miaka yote haikupita katika kasha kubwa, wala dogo. Ilipita kwenye waya. Utamu wake wa kukwaruza kidogo, ambao unausikia anapokaza mkono, ulitokana na valvu za mitambo ile kuzidiwa nguvu. Nilimkumbuka muuzaji wangu na kiapo chake. Dubwana lile nililiuza kwa watu wa kanisa moja la bara, kwa bei ambayo naomba nisiitaje.

Baada ya hapo nilichomeka gitaa moja kwa moja katika mikisa yetu ya harusini, ile ndogo ya njia nane, nikapandisha kitasa cha kuingizia sauti mpaka taa nyekundu ikaanza kukonyeza, kisha nikakirudisha upana wa unywele. Na lo! Ikaanza kuja. Siku hiyo nilipiga peke yangu ghorofani mpaka taa za mtaa zikawaka.

Ikaanza kuja, nimesema, haikuja. Nilikuwa na gitaa, nyuzi, sponji, urefu na waya, na bado nilikuwa mtu aliyevaa kanzu ya mwenziwe. Kilichobaki kilikuwa kidole kimoja. Wapiga besi wengi hutumia vidole viwili vya mkono wa kulia kwa zamu, cha shahada na cha kati, kama mtu atembeaye. Jamerson alitumia cha shahada peke yake, na wenzake walikiita kidole kile Ndoana. Vidole vingine alivilaza juu ya kile kifuniko cha chuma. Alikuwa ameleta tabia hiyo kutoka katika dabal-besi, ambayo nyuzi zake ni ngumu na zahitaji nguvu ya mkono mzima. Kwa kidole kimoja kila noti hutoka na uzito ule ule, nyama ile ile. Vidole viwili havilingani kamwe, mmoja ni kaka na mwingine ni mdogo wake, na sikio hata lisipojua kwa nini hulisikia jambo hilo. Nilijaribu kupiga "Bernadette" ya mwaka 1967 kwa kidole kimoja. Ubeti wa kwanza nilimaliza. Wa pili kidole kilikataa.

Tena kutoka katika dabal-besi alileta jambo jingine, la kutumia uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, kama daraja la kuvukia mkono unapohama kutoka juu kwenda chini. Mwalimu wa muziki atakwambia uzi mtupu usiutumie ila ukiwa ni noti inayofaa wimbo. Yeye aliupitia hata usipofaa sana, kwa haraka, ukipita huwezi kumshika. Miaka hii sauti zake zimetengwa na za wenziwe, zinapatikana peke yake, nimezisikiliza. Na ajabu ni kwamba ndani yake mna noti nyingi ambazo si noti, ni kugusa tu, ni pumzi. Katika "What's Going On" utaisikia besi ikizunguka kama moshi wa udi chumbani. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuinasa Marvin Gaye alimtafuta Jamerson katika vilabu, akampata amelewa hata kukaa kitini hakuweza, naye akaipiga amelala chali sakafuni.

Watu wengi huisimulia hadithi hiyo kama mzaha. Mimi siipendi sana. Ulevi ndio uliomla mtu yule. Alifuata kampuni Los Angeles, lakini huko mtindo ulikwisha badilika, wakataka besi za kung'ara za nyuzi mpya, naye hakukubali kubadili nyuzi zake, simu zikapungua. Mwezi Machi mwaka 1983 Motown ilifanya sherehe kubwa ya miaka 25 mbele ya kamera za televisheni. Hakualikwa kupiga. Imeelezwa kwamba alijinunulia tikiti akakaa juu, mbali, pamoja na watazamaji. Siku chache kabla ya kufa kwake gitaa lile la 1962 liliibwa, na mpaka leo haikusikika kwamba limepatikana. Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, umri wake miaka 47, kwa maradhi ya ini. Heshima za wakubwa zilikuja baadaye: mwaka 2000 jina lake likaingizwa katika jumba la watukufu wa muziki wa roki, na mwaka 2002 ikatoka filamu juu yake na wenziwe.

Basi gitaa lenyewe haliko. Hata mwenye fedha nyingi hawezi kulinunua, na hilo hunipa faraja kidogo, kwamba sote tunaosaka tunasaka kwa kukisia.

Niseme sasa kwa nini nimeyaandika haya. Mwaka juzi paa la mjomba lilivuja wakati wa masika, maji yakaingia kabatini. Santuri zilipinda, majalada yakashikana, na yale majina niliyoyaandika kwa kalamu yakaenda na maji. Yeye mwenyewe sasa ni mtu mzima sana. Masikio yamechoka, maneno ya watu humpotea, na mtu akitaka kumwambia jambo humwandikia. Mpwa wake mmoja, kijana, alimletea nyimbo zile katika simu akampa mkononi azisikilize. Mjomba aliiweka kiganjani kwa muda, akairudisha. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, haiwezi kabisa kuzitoa sauti za chini kama zile. Kilichobaki ni waimbaji, na waimbaji hakuwa akiwasikiliza tangu zamani. "Hini ni nzi," akasema.

Nilimpelekea spika ya harusini nikaichomeka simu humo. Hapo aliitambua, akatabasamu, akatikisa kichwa kwa wimbo mzima. Ulipokwisha akaninyoshea kidole. "Haya. Wewe sasa. Usije ukangoja mpaka mkono huu nao usisikie."

Nilikwenda Jumapili, baada ya alasiri. Nilibeba gitaa, mikisa na spika moja, vyote mimi peke yangu, vimeingia katika tuktuk. Nyuzi zilikuwa zile bapa za binamu, sasa zina miaka kumi na moja na zimepata rangi ya sarafu ya zamani. Sponji ni ile ile ya godoro, ila nilikuwa nimeikata ikawa nyembamba kidogo, kwani niligundua ikiwa nene uzi hufa kabla ya kusema. Mjomba alikaa kwenye kiti chake cha kamba, kiganja juu ya kasha. Nikapiga "My Girl", kwa adabu, kidole kimoja. Hakuondoa mkono. Nikaingia "I Was Made to Love Her" ya Stevie Wonder, ya mwaka 1967, ambayo ina mbio zake, nami nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi mitatu.

Nilipomaliza alikaa kimya kwanza. "Kidole umekipata," akasema. "Nyuzi ndizo. Lakini wewe wakimbia. Yule hakuwa akikimbia, alikuwa amewahi."

Nikaipiga tena. Nilikuwa nimeshughulika miaka mingi na chuma, na utepe, na waya, hata nilisahau kwamba wakati wa noti nao ni sehemu ya sauti yake. Kwamba mshindo ule wa mlango wa mninga unategemea pia umegongwa saa ngapi. Mara ya pili akasema nimekaribia. Mara ya tatu hakusema kitu, lakini mguu wake ulikuwa ukienda. Tulikuwa katikati ya mara ya nne adhana ya maghribi ilipoanza. Nikachomoa waya. Mjomba alikiacha kiganja juu ya kasha kidogo, akitazama dirishani, kisha nikamletea kopo la maji atie udhu.